Homoni ya Ukuaji na Askari wa Damu: Kwa Nini Mtoto Anayeugua Kila Mara Huchelewa Kurefuka

Mtoto anakula, uzito unapanda kidogo, lakini urefu hausogei. Mwaka wa kwanza alipata nimonia, wa pili akaharisha mara tatu, na katikati kukawa na malaria. Nyanya yake anasema amefuata ufupi wa upande wa baba. Jirani anasema amesoma kwenye simu kwamba kuna sindano ya homoni ya ukuaji inayorefusha watoto. Mhudumu wa afya ya jamii anasema ni magonjwa. Wazazi wengi wamewahi kusikia maneno ya aina hii, na si rahisi kwao kujua wamsikilize nani.

Mhudumu ndiye aliye karibu zaidi na ukweli. Magonjwa huzuia urefu, na jambo hilo linahusu damu, ini na homoni ileile ambayo jirani anataka inunuliwe. Wanasayansi wamegundua pia jambo ambalo vitabu vya shule havikuwa nalo zamani, kwamba seli zinazopigana na vijidudu mwilini hutengeneza homoni ya ukuaji zenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi zinavyofanya hivyo, na kwa nini mzazi asitoe pesa zake kununua sindano.

Homoni yenyewe ni nini

Homoni ni ujumbe wa kemikali. Inatengenezwa mahali pamoja, inasafiri, kisha inafika kwenye seli zenye kipokezi chake, yaani mlango unaoitambua. Seli isiyo na mlango huo haisikii chochote.

Homoni ya ukuaji ni protini ya asidi amino 191 zilizopangwa kama shanga kwenye uzi. Sehemu kubwa hutengenezwa na tezi ya pituitari, ambayo ina ukubwa wa punje ya njegere na iko chini ya ubongo, nyuma ya pua. Tezi hii huweka akiba kubwa ya homoni ndani ya vifuko vidogo vya seli zake na kuiachilia kwa mafungu, si kwa mfululizo. Fungu kubwa zaidi hutoka usiku, muda mfupi baada ya mtu kuzama katika usingizi mzito. Wazee waliosema mtoto hukua akilala hawakukosea.

Pituitari nayo ina mkubwa wake. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutuma amri mbili, moja ya kuachilia na nyingine ya kuzuia. Amri ya kuzuia, iitwayo somatostatini, ilitambuliwa mwaka 1973 katika maabara ya Roger Guillemin nchini Marekani. Ile ya kuachilia ilipatikana mwaka 1982.

Homoni ikishaingia kwenye damu, kazi yake nyingi ya kurefusha haifanyi yenyewe moja kwa moja. Inafika kwenye ini, na ini linatoa ujumbe wa pili uitwao IGF-1. Ujumbe huo, pamoja na ule unaotengenezwa kwenye mifupa yenyewe, ndio unaochochea ncha laini za mifupa ya mtoto kuongezeka. Msomaji alikumbuke ini, kwa sababu ndilo litakaloeleza habari ya mtoto anayeugua.

Kiwanda cha pili

Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba homoni ni kazi ya tezi na kinga ni kazi ya seli nyeupe za damu, na kwamba pande hizo mbili hazizungumzi. Mwaka 1981 Eric Smith na Edwin Blalock, waliokuwa wakifanya kazi Galveston, Texas, waliripoti kwamba seli nyeupe za binadamu ziitwazo limfosaiti zinaweza kutoa homoni nyingine ya pituitari, ile inayoamsha tezi zilizo juu ya figo wakati wa dhiki. Wengi walitilia shaka. Ilionekana kama mtu amesema polisi wa barabarani wanachapisha noti za benki.

Blalock hakurudi nyuma. Mwaka 1984 aliandika kwamba mfumo wa kinga ni kiungo cha hisi, kama jicho au sikio. Jicho huona simba na sikio husikia ngurumo, lakini hakuna jicho linaloona virusi vya surua vikiingia puani. Seli nyeupe ndizo zinazovihisi, na zikishavihisi lazima ziuambie mwili mzima, ubongo ukiwemo. Lugha ambayo mwili mzima unaielewa ni homoni. Kwa mtazamo huo, si ajabu kwamba seli za kinga zina uwezo wa kuzitengeneza.

Mwaka 1988 Douglas Weigent, Blalock na wenzao, sasa wakiwa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, walionyesha kwamba seli nyeupe zinatengeneza pia homoni ya ukuaji, inayofanana na ile ya pituitari kwa ukubwa na kwa kazi. Miaka michache baadaye watafiti nchini Japani waliipata ikitoka kwenye limfosaiti za binadamu zilizotolewa kwenye damu na kuwekwa kwenye vyombo vya maabara. Leo inajulikana kwamba uwezo huo uko kwenye seli T, ambazo huongoza vita na kuua seli zilizoambukizwa, na kwenye seli B, ambazo hutengeneza kingamwili. Umeonekana pia katika makao ya seli hizo, kama bandama na tezi ya thaimasi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari.

Inavyotengenezwa na kutolewa

Karibu kila seli ya mwili ina maagizo yote ya kurithi, yakiwemo ya kutengeneza homoni ya ukuaji. Maagizo hayo, yaani jeni, yako kwenye kromosomu ya 17. Seli ya ngozi inayo jeni hiyo, na ya jicho pia. Tofauti ni kwamba katika seli nyingi ukurasa huo umefungwa. Katika pituitari uko wazi mchana na usiku. Katika limfosaiti hufunguka kidogo, na hufunguka zaidi seli inapoamshwa.

Ukurasa ukifunguliwa, seli hainyofoi jeni yenyewe, bali hutoa nakala yake, kama mtu anayepiga fotokopi ya cheti na kuacha chenyewe kabatini. Nakala hiyo, iitwayo RNA, hutoka kwenye kiini cha seli na kwenda kwa mafundi wadogo waitwao ribosomu, ambao huisoma na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine. Protini inayotoka hapo huwa ndefu kuliko homoni kamili, kwa kuwa ina asidi amino 217. Zile 26 za mwanzo ni kama anwani juu ya bahasha, zinazosema protini hii ni ya kupelekwa nje. Seli ikishaisoma anwani hukata kipande hicho, na kinachobaki ni homoni ya asidi amino 191. Inakunjwa, inafungwa ndani ya kifuko kidogo, kifuko kinasogea hadi kwenye utando wa seli, kinaungana nao, na homoni inamwagika nje.

Hadi hapo pituitari na limfosaiti zinafanana. Zinatofautiana katika kiasi, akiba na amri.

Pituitari hujaza ghala kisha ikafungua mlango kwa mpigo. Limfosaiti haina ghala la namna hiyo. Inatengeneza kidogo na kutoa kidogo, na homoni hiyo haitegemewi kufika mbali. Inaipata seli ya jirani, au inarudi kwenye kipokezi cha seli ileile iliyoitoa. Kiasi chake ni kidogo mno kuweza kurefusha mfupa. Ushahidi mzuri ni watoto ambao pituitari yao imeharibika au imeondolewa kwa sababu ya uvimbe. Limfosaiti zao bado zipo, lakini bila matibabu watoto hao hawarefuki ipasavyo. Kiwanda cha pili hakiwezi kushika nafasi ya kile cha kwanza.

Kuhusu amri, pituitari ikiona homoni ya ukuaji imejaa kwenye damu hupunguza kasi. Watafiti wa Japani walipoongeza homoni hiyo kwenye chombo chenye limfosaiti, ziliendelea kutoa nyingine, tena zaidi ya awali. Kwa seli za kinga, homoni hiyo ni kama kelele ya kuitana, na askari mmoja akipiga kelele wa pili huitikia.

Sababu moja iko kwenye kipokezi. Kipokezi cha homoni ya ukuaji ni cha ukoo mmoja na vipokezi vya saitokini, yaani jumbe ambazo seli za kinga hutumiana zikiwa vitani. Kwa limfosaiti, homoni ya ukuaji ni sauti ya ndugu.

Maharagwe yalivyofungua mlango

Jambo linaloamsha limfosaiti maabara liko pia kwenye sufuria nyingi za kaunti hii. Mwaka 1960 Peter Nowell wa Philadelphia alikuwa akitumia kitu kilichokamuliwa kutoka kwenye maharagwe kutenganisha seli nyekundu na nyeupe za damu. Aliona jambo ambalo hakulitarajia. Limfosaiti, ambazo wakati huo zilidhaniwa kuwa seli zilizofika mwisho wa safari, zilianza kuvimba na kugawanyika. Kitu hicho huitwa fitohemaglutinini, na tangu hapo kimekuwa chombo cha kila siku katika maabara za kinga. Limfosaiti zilizoamshwa kwa njia hiyo ndizo zilizotumika pia kupima utoaji wa homoni ya ukuaji.

Msomaji asifikiri kwamba kula maharagwe mengi kutaamsha kinga yake. Kitu hicho kikiwa kibichi ni sumu ya tumbo, na mtu aliyekula maharagwe mekundu ambayo hayakuiva anaweza kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Anayepika githeri ayaloweke maharagwe, amwage maji ya kulowekea, kisha ayachemshe kwa moto mkali hadi yaive kabisa. Moto mdogo wa kuyapasha tu hauondoi sumu hiyo.

Kazi yake kwa askari

Mwaka 1991 Weigent na wenzake walifanya jaribio rahisi kueleza ingawa si rahisi kulifanya. Waliziba nakala ya RNA ya homoni ya ukuaji ndani ya limfosaiti, ili mafundi wasiweze kuisoma. Seli hizo zilipunguza kugawanyika. Ina maana kwamba homoni hiyo ndogo inayotolewa palepale si takataka ya kiwanda. Seli huitumia kuongeza wenzake wakati wanapohitajika.

Kuna kazi ya pili, ya kuwatayarisha makrofaji, zile seli kubwa zinazomeza bakteria. Utafiti wa mwaka 1988 ulionyesha kwamba homoni ya ukuaji huzitayarisha seli hizo kutoa kemikali kali ya oksijeni inayoua vijidudu vilivyomezwa.

Kazi iliyovuta watu zaidi inahusu thaimasi. Tezi hii ndiyo shule ya seli T. Seli changa hutoka kwenye uboho wa mifupa, huingia thaimasi, hufunzwa kutofautisha adui na mwili wenyewe, na zinazofeli huondolewa. Thaimasi huwa kubwa utotoni, na baada ya balehe huanza kunywea na nafasi yake kujazwa mafuta. Mwaka 1986 Keith Kelley na wenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois waliwapandikizia panya wazee seli zinazotoa homoni ya ukuaji na homoni ya maziwa. Thaimasi zilizokuwa zimenywea zilikua tena.

Hata hivyo, panya wanaozaliwa bila homoni ya ukuaji bado wana kinga inayofanya kazi. Homoni hii husaidia kinga, lakini kinga haisimami juu yake peke yake. Anayeuza dawa kwa jina lake mara nyingi huacha kusema hivyo.

Mwili ukiwa vitani

Sasa turudi kwenye ini.

Vijidudu vinapoingia, seli za kinga hutoa saitokini. Baadhi yake husafiri hadi kwenye ini na kuliambia libadilishe kazi. Ini huanza kutengeneza protini za dharura za kupambana na maambukizi, na wakati huohuo huweka breki kwenye ujumbe wa homoni ya ukuaji. Homoni inafika, inashika kipokezi chake, lakini ndani ya seli ya ini kuna protini zinazozuia ujumbe usiendelee. IGF-1 inapungua, na mifupa inasubiri.

Mwili unafanya hivyo kwa busara. Mwenye nyumba hajengi chumba kipya siku ambayo wezi wako mlangoni. Vita vya siku tatu havina madhara, kwa kuwa mtoto aliyepata homa kisha akapona na kula vizuri hufidia urefu aliouacha. Hatari iko kwa mtoto ambaye vita vyake haviishi, anayetoka kwenye kuharisha akaingia kwenye kikohozi na kutoka huko akaingia kwenye malaria, huku chakula kikiwa kidogo. Njaa peke yake pia hushusha IGF-1. Njaa na maambukizi yakikutana, breki inakanyagwa kwa miguu miwili.

Katika miaka ya 1960 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walipima homoni ya ukuaji kwenye damu ya watoto wenye kwashakoo. Mtu angetarajia kuikuta imepungua. Waliikuta imepanda. Pituitari ilikuwa ikipiga kelele kwa nguvu zote, lakini ini halikuitika. Watoto walipolishwa vizuri, homoni ilishuka.

Hapo ndipo jibu la yule jirani na sindano yake lilipo. Mtoto aliyedumaa kwa njaa na magonjwa kwa kawaida hakupungukiwa na homoni ya ukuaji. Anayo, pengine kuliko mtoto wa jirani aliye mrefu. Kumwongezea nyingine ni kumpigia kelele mtu aliyeziba masikio.

Nchini Zimbabwe, watafiti waliofuatilia watoto wachanga waliripoti mwaka 2014 kwamba waliodumaa walikuwa na IGF-1 ya chini kuliko wenzao, na kwenye damu yao kulikuwa na dalili zaidi za mwili kuwa vitani. Hawa hawakuwa watoto waliolazwa hospitalini. Vita vya mtoto aliyedumaa vinaweza kuwa vya kimya, visivyo na homa, ndiyo maana mzazi huona mtoto mzima anayecheza na hajui kuna tatizo.

Sindano: mahali pake na hatari yake

Homoni ya ukuaji ni dawa halali kwa watu wachache, hasa watoto ambao vipimo vya daktari bingwa vimethibitisha kwamba pituitari yao haitoi ya kutosha. Kwa hao ni msaada mkubwa. Hadi mwaka 1985 ilikuwa ikikamuliwa kutoka kwenye pituitari za maiti, na baadhi ya waliotibiwa kwa njia hiyo katika nchi kadhaa waliambukizwa ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, usio na tiba. Inayotumika sasa hutengenezwa kiwandani na haina hatari hiyo, lakini hiyo haimaanishi kwamba inamfaa kila mtu.

Watafiti walipojua kwamba seli za kinga hutumia homoni hii, swali lililofuata lilikuwa kama wagonjwa wapewe zaidi. Kwa watu wazima wanaoishi na VVU, watafiti wa California waliripoti mwaka 2008 kwamba sindano za homoni hiyo zilikuza thaimasi na kuongeza seli T changa. Ni habari ya kutia moyo, lakini ulikuwa utafiti wa watu wachache chini ya uangalizi mkali. Haikuchukua nafasi ya ARV, na anayeishi na VVU katika kaunti hii aendelee na dawa zake alizopewa kliniki.

Upande mwingine ni wa kutisha. Mwaka 1999 jarida la tiba la New England la Marekani lilichapisha majaribio mawili yaliyohusisha wagonjwa 532 waliokuwa mahututi barani Ulaya. Nusu walipewa homoni ya ukuaji kwa kipimo kikubwa, kwa matumaini kwamba itazuia mwili usidhoofike. Katika jaribio la Finland, waliofariki hospitalini kati ya waliopewa homoni walikuwa asilimia 39, na kati ya wasiopewa asilimia 20. Katika jaribio la pili ilikuwa asilimia 44 dhidi ya 18. Kitu ambacho seli hutoa kwa tone, mahali pake na kwa wakati wake, kilipomiminwa kwenye mwili ulio vitani kiliongeza vifo.

Vijana wanaokimbia nao wajue kwamba homoni ya ukuaji iko kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku michezoni duniani, na vipimo vyake vilianza kutumika katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Mwanariadha anayedungwa sindano asiyoijua kwa jina la vitamini anaweza kupoteza kazi yake yote. Na kwa mtu mzima ambaye ncha za mifupa yake zimeshafunga, hakuna kipimo cha homoni hii kitakachomwongezea hata sentimita moja. Kinachoweza kuongezeka ni mikono, miguu na taya kuwa nene, pamoja na sukari kwenye damu.

Yanayowezekana hapa nyumbani

Kenya imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 26 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na ule wa mwaka 2022 ukakuta asilimia 18. Bado hiyo ni karibu mtoto mmoja kati ya kila watano au sita.

Hakuna jambo moja linaloondoa udumavu. Utafiti mkubwa uliofanywa Bungoma, Kakamega na Vihiga, ulioandikisha zaidi ya kina mama wajawazito 8,000 na kuchapishwa mwaka 2018, ulijaribu dawa ya kutibu maji, vyoo bora, kunawa mikono na lishe ya watoto. Lishe iliongeza urefu kidogo. Maji, vyoo na kunawa mikono peke yake havikuongeza. Hiyo si sababu ya mtu kuacha kunawa mikono, kwa kuwa kipindupindu na homa ya matumbo bado zipo. Ila inaonyesha kwamba chombo cha maji na sabuni hakitoshi pale mtoto anapotambaa kwenye uwanja wenye kinyesi cha kuku na kuweka mkono mdomoni. Vita vya kimya haviishi kwa silaha moja.

Kinachopunguza idadi ya vita ni chanjo. Kila ugonjwa unaozuiwa ni wiki kadhaa ambazo ini halikukanyaga breki. Chanjo za watoto hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. BCG na polio hutolewa mtoto anapozaliwa. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zinahusu nimonia, kuharisha, kifaduro, pepopunda na mengineyo. Surua na rubela ni miezi 9 na tena miezi 18. Dozi ya miezi 18 ndiyo ambayo wazazi husahau zaidi, kwa sababu mtoto anatembea na anaonekana ameshapita hatari.

Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza humpa mtoto kingamwili ambazo seli zake B hazijajifunza kuzitengeneza. Baada ya hapo, uji mtupu hautoshi kujenga mfupa wala askari. Yai, omena, maharagwe yaliyoiva, maziwa na mboga za majani viwemo. Vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6 kuanzia miezi 6 hadi miaka mitano, na dawa ya minyoo kila baada ya miezi 6 kuanzia mwaka mmoja. Minyoo nayo ni vita.

Mtoto anapougua asinyimwe chakula. Desturi ya kusubiri apone ndipo ale humwongezea njaa wakati ini limeshapunguza IGF-1. Apewe kidogo kidogo mara nyingi, aendelee kunyonya, na baada ya kupona aongezewe mlo kwa wiki mbili hivi, maana huo ndio muda breki imeachiliwa na mifupa inataka kufidia. Alale mapema pia. Televisheni ya saa nne usiku inaingilia fungu kubwa la homoni lililokuwa litoke bure.

Katika vituo vingi mtoto hupimwa uzito haraka na foleni ikasonga. Uzito hauonyeshi udumavu, kwa kuwa mtoto anaweza kuwa mnene na bado awe mfupi kuliko umri wake. Mzazi ana haki ya kuomba urefu upimwe na uandikwe kwenye Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Aliye chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala kwenye ubao, aliyezidi hupimwa akiwa amesimama bila viatu. Nukta ikianguka chini ya mstari wa mwisho kwenye chati, au ikikaa palepale kwa miezi kadhaa huku umri ukisonga, mhudumu aulizwe kuhusu lishe, maambukizi yaliyojificha kama kifua kikuu, na kama kuna haja ya rufaa kwa daktari wa watoto. Huyo ndiye atakayeamua iwapo kuna sababu ya kupima homoni. Safari ianzie kwenye zahanati iliyo karibu, na kijitabu kisiachwe nyumbani.